Sina Binti wa Jina Hilo

Gari la serikali lilipozima injini nje ya nyumba ya Josphat kule Marungu, mkewe Wakesho alikuwa anapepeta mbaazi. Hakuinuka. Aliweka ungo chini polepole, akafuta mikono kwenye leso. Gari halikuwa jambo la kila siku huko. Na mwaka ule wa hamsini na sita, likija gari lenye askari ndani, hakuna aliyedhani limeleta sukari.

Aliyeshuka mbele alikuwa karani kutoka Voi, kijana wa Kikamba jina lake Mbuvi, soksi amezivuta hadi magotini, faili ya kahawia kwapani. Nyuma yake alishuka askari mwenye rungu. Askari huyu, tukisema ukweli, alikuwa amekuja kwa sababu gari lilikuwa na nafasi na yeye alikuwa amechoka kukaa ofisini. Lakini askari ni askari, nani angemwuliza?

"Hodi hapa! Hii ndio nyumba ya Josphat Mwandawiro?"

Josphat alitokea upande wa zizi, kamba ya mbuzi mkononi. "Ndiyo, Bwana. Karibuni."

Mbuvi hakukaribia. Alifungua faili akailaza juu ya boneti ya gari. "Mko wangapi humu?"

Wakesho akainuka sasa, jua la mchana liko juu ya kichwa chake.

"Wawili tu," alijibu yeye kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Na watoto? Walizaliwa wapi? Nani yuko mbali na nyumbani?" Mbuvi alifunua ukurasa. "Kuna mmoja anaitwa Christine. Mwalimu. Nataka kujua kama ni wa hapa."

Kama huyu kijana angetanguliza neno moja tu, kwamba ni habari ya masomo, kwamba ni habari njema, basi angekaribishwa kiti, angechinjiwa hata kuku. Lakini makarani wa siku zile walifundishwa kuuliza, hawakufundishwa kueleza. Nao waliona raha kidogo, msiniambie hawakuona, mtu mzima akiwatetemekea.

"Sina binti wa jina hilo," Wakesho alisema.

Mbuvi akamgeukia Josphat. Josphat akawatazama mbuzi.

"Mzee, wewe unasemaje?"

"Mama ameshasema."

Lazima nieleze kwamba pale walipokaa, nyumba nyingi zilikuwa za watu wa Kasigau, wale waliohamishwa na serikali wakati wa vita vya Mjerumani na kurudishwa miaka mingi baadaye. Nao walirudi na desturi yao moja ambayo hakuna aliyewafundisha. Mtu wa karatasi akija kumtafuta mtu, mtu huyo hayupo. Hata jirani uliyekosana naye jana kwa sababu ya mpaka wa shamba, leo atakukana vizuri kabisa, na kesho mtaendelea na ugomvi wenu.

Ndiyo sababu Kalondu, jirani wa upande wa chini, alifika mbio na jembe begani bila kuitwa. Kalondu alikuwa Mkamba aliyeolewa pale, na desturi ile aliishika kuliko wenyewe.

"Mnamtafuta yule mwalimu?" alisema akihema. "Jamani, hamkusikia? Alikufa, maskini. Homa. Tulimzika." Akavuta ncha ya leso, akajifuta macho ambayo hayakuwa na kitu.

Askari akavua kofia. Mbuvi akampa pole, akaandika, akaandika tena, kisha akafunga faili. Gari likaondoka, vumbi likabaki juu ya mbaazi.

Wakesho alikaa chini palepale. "Kalondu! Mbona umeniulia mtoto?"

"Na wewe ulitaka niseme nini? Umesema huna binti, karani ana jina lake kwenye faili. Si atarudi? Nani anarudi kumtafuta mtu aliyekufa?" Kalondu akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akashika njia ya kwake na jembe lake.


Jumamosi iliyofuata Christine alishuka kutoka Mghange, kule milimani alikokuwa akifundisha. Alifika viatu mkononi, sketi imejaa vumbi, na hakusalimia. Alisimama mlangoni.

"Mama, mimi nimekufa?"

Wakesho aliachilia mwiko. Hofu aliyodhani imeondoka na lile gari ilikuwa imezunguka tu njia nyingine.

"Mwalimu mkuu aliniita akafunga mlango," Christine aliendelea. "Ameletewa barua. Akaniuliza, wewe ni nani? Miaka yote hii nafundisha naye, mkewe akijifungua ni mimi niliyepika, leo ananiuliza mimi ni nani! Eti Christine Josphat alikufa, na mama yake hana binti. Eti kuna mwanamke anatumia jina la maiti kuomba skolashipu."

"Skolashipu ni kitu gani?" Josphat aliuliza.

"Ile safari, Baba! Si niliwaambia? Masomo ya ng'ambo, ya walimu wa nchi nyingi. Kuna wa Bara Hindi, kuna wa Gold Coast. Kutoka wilaya hii nimechukuliwa mimi peke yangu. Wanaotoa hiyo nafasi wana faili ya kila mtu, na kabla hujaenda serikali ya kwenu lazima iwaandikie kwamba upo kweli, na wazazi wako ni fulani na fulani. Karani alikuja kwa hiyo tu. Ungesema ndiyo, basi. Neno moja, Mama."

Wakesho alikuwa anasugua mikono yake, anasugua tu.

"Nisipothibitishwa kufikia Jumatano, nafasi anapewa mwingine," Christine alisema. "Na si hilo tu. Wanataka kunihoji. Kwa hali hii ya hatari, mtu anayetembea na jina la maiti anapelekwa wapi?"

Kila aliyeishi karibu na barabara ya Voi alikuwa ameyaona malori yaliyofungwa waya yakipeleka watu vizuizini, na mikono ya watu iliyoshika zile waya.

"Nilipokuwa mdogo," Wakesho alisema hatimaye, "alikuja mtu na karatasi. Sikufikia hata kimo cha mtungi. Akamuuliza mama yangu maswali haya haya. Mko wangapi, nani yuko mbali. Mama yangu alijibu vizuri. Alimpa uji yule mtu, Christine, uji wa mtama, akamtaja kila mmoja wetu. Hata kitoto kilichokuwa mgongoni alikitaja."

"Mama..."

"Ngoja. Muda mrefu haukupita, nyumba zikachomwa. Tukashushwa mlimani, tukapakiwa kwenye mabehewa, tukapelekwa pwani, mbele huko Malindi. Walisema wazee wetu walimwonyesha Mjerumani njia. Sijui kama walionyesha. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi. Homa ya huko ilianza na kitoto, ikaja kwa mama, ikaja kwa ndugu zangu. Wote aliowataja. Nimebaki mimi."

Christine alijua alizaliwa Malindi. Alijua alirudi amebebwa mabegani mwa baba yake. Habari ya uji hakuwahi kuisikia. Aliketi kando ya mama yake, akamshika mkono.

"Basi twende ukawaambie hivyo. Wataelewa."

"Wataelewa?" Wakesho akauvuta mkono wake. "Niende niseme sisi ndio wale waliohamishwa kwa kumsaidia adui? Halafu wakupeleke ng'ambo? Wewe umesoma, niambie. Watakupeleka?"

Katika zile fomu alizojaza Christine kuomba nafasi kulikuwa na swali. Je, yuko mtu wa jamaa yako aliyewahi kulaumiwa na serikali? Na yeye, bila kufikiri, alikuwa ameandika hapana. Aliwaambia. Uji ulikuwa unaungua jikoni, hakuna aliyeuangalia.

"Mimi nilitazama mbuzi," Josphat alisema ghafla. "Mwanamume mzima naulizwa habari za mwanangu, natazama mbuzi. Jumatatu tunaenda Voi."

"Mimi siendi kwa watu wa karatasi."

"Utaenda. Karani ameandika maneno yako, si yangu. Mimi nitakushika mkono kama unaogopa."

"Naogopa," Wakesho alisema. "Naogopa sana, Baba Christine."


Voi waliifikia kwa lori la mbao, Wakesho na Josphat wameketi nyuma juu ya mzigo. Kabla ya kwenda ofisini walipita kwa Mwanamina, mama wa Kiislamu mwenye asili ya pwani aliyekaanga mahamri karibu na stesheni. Barua za Christine zilifikia kwake, na Wakesho akija kuuza mbaazi hupumzika barazani pale. Christine alikuwa ametangulia na kulala hapo, na alikuwa amepiga pasi sketi ile ile.

Wakesho alikuwa bado hajanywa chai hata funda moja lilipopita lori la waya. Halikwenda kasi. Mwanamume mmoja ndani yake aliwatazama, akatazama na mahamri. Wakesho akainuka.

"Narudi nyumbani."

"Warudi wapi?" Mwanamina alimshika leso. "Keti! Lo, mwanamke mzima watetemeka hivi mbele za watu? Wale wana mambo yao na Mungu awasahilishie. Wewe waenda kusema neno moja tu, huyu ni mwanangu, nilimzaa mimi. Kwani uliiba?"

"Nilisema uongo kwa serikali."

"Na serikali haijawahi kukwambia uongo wewe? Basi mko sawasawa. Kunywa chai yako." Akamsogezea hamri, akakataa senti ya Josphat. "Utanilipa mwanao akirudi na koti la Ulaya. Nataka nilivae mimi kwanza."

Christine akacheka kidogo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ateremke milimani. Wakesho hakucheka. Chai alikunywa, lakini ukimwuliza ilikuwa na sukari au haina, asingeweza kukuambia.

Ofisini waliambiwa waketi chini, nje, kwenye changarawe. Benchi lilikuwapo, tupu, lakini askari alisema ni la wageni. Christine aliyekuwa na sketi iliyopigwa pasi akaketi changaraweni na wazazi wake. Watu waliingia na kutoka. Jua likahama, kivuli kikawaacha, na Wakesho akataka kwenda kujisaidia, akaogopa kuuliza ni wapi.

Mbuvi alitoka na faili yake. Alipomwona Wakesho akasimama.

"Mama! Kumbe ni wewe?" Sauti aliiteremsha, lakini ilikuwa inawaka. "Ulinifanya mjinga, Mama. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mtu amekufa. Nikampa na pole yule mama wa jembe! Unajua nilivyotukanwa hapa?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Mwanangu, mwanangu! Siku ile sikuwa mwanao." Akamtazama Christine, mzima, akiinuka changaraweni, na haya ikamwingia. "Ingieni. Bwana Shauri anawangoja."

Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, alikuwa Mzungu kijana, pua imebabuka na jua, Kiswahili chake cha miezi michache. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi na alitaka kuimaliza hii kabla ya chakula.

"Wewe mama ya huyu?"

"Ndiyo, Bwana."

"Baba iko hapa pia? Mzuri. Sasa kwa nini wewe nasema hapana mtoto? Halafu nasema yeye kufa?"

"Niliogopa, Bwana."

"Nini naogopa?"

Wakesho akaikaza leso yake. Mzungu akashusha pumzi, akaangalia fomu. Mbuvi alikuwa ameketi pembeni, kalamu tayari.

"Haya. Yeye zaliwa wapi?"

Hili ndilo alilokuwa akiliogopa tangu Marungu. Angeweza kusema Marungu. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, tamu, rahisi. Lakini uongo mmoja ulikuwa umeshamzika mtoto wake, na hakujua faili ile ina nini tayari. Pengine wanajua kila kitu na wanamtega tu. Akamtazama Christine. Christine alikuwa anatazama sakafu.

"Malindi, Bwana."

"Malindi? Watu ya Marungu nafanya nini Malindi?"

"Tulipelekwa. Serikali ilitupeleka. Wakati wa vita vya Mjerumani. Watu wa Kasigau wote. Nyumba zetu zilichomwa, tukakaa huko miaka mingi, watu wengi wakafa, mama yangu akafa. Huyu nilimzaa huko huko. Kwa hiyo ukija na karatasi naogopa. Nifunge mimi, Bwana. Yeye hajui lolote, hata hiyo fomu aliandika bila kujua. Nifunge mimi."

Josphat, aliyeahidi kumshika mkono, alimshika kweli, mbele ya Mzungu.

Bwana Shauri alikunja uso. Alimgeukia karani. "Nani peleka nani? Hii habari gani?"

"Sijui, Bwana," Mbuvi alisema. Alizaliwa baada ya mambo hayo, na hakuwa mtu wa huko. "Labda ni mambo ya zamani."

"Iko faili?"

"Hapa hakuna, Bwana. Sijawahi kuona."

"Ah." Mzungu akaandika Malindi kwenye nafasi yake. Neno likaenea vizuri. "Malindi mzuri sana," alisema kwa upole, maana alitaka kumtuliza huyu mama. "Mimi nakwenda Krismasi. Bahari mzuri, samaki mzuri."

Wakesho alingoja. Aliamini kuna jambo linafuata. Hakuna lililofuata. Mzungu alikuwa ameshafunua ukurasa mwingine.

Basi ni hivyo tu? Tangu utoto wake amelala sikio moja likisikiliza barabara. Amewafundisha watoto wa watu kukana majina yao. Amemkana binti yake mwenyewe mchana kweupe. Na hawa waliomtia hofu hiyo hawakumbuki hata kidogo, wanakumbuka samaki. Hasira ilimpanda Wakesho, hasira ambayo hakuijua, hata machozi yakamtoka. Bwana Shauri alidhani ni ya furaha.

"Siku ingine wewe nasema uongo, mimi nafunga wewe," alisema, akamwonyesha wino.

Wakesho akabonyeza kidole gumba pale alipoonyeshwa, akabonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mbuvi akachukua rula, akapiga mstari juu ya neno amefariki, akaandika kando yake, yu hai. Kisha akawafungulia mlango, na akamwonyesha Wakesho choo kilipo bila kuulizwa.


Siku ya safari walimsindikiza Christine stesheni. Alikuwa na sanduku la bati la kuazima na koti jeusi ambalo Mwanamina alikuwa amelinunua mnadani, akisema atalidai likirudi. Gari la moshi lingemchukua hadi Mombasa, na huko kuna meli.

Wakesho alikuwa hajakanyaga stesheni kwa hiari yake maisha yake yote. Hata akija kwa Mwanamina alizungukia nyuma. Sasa behewa lilikuwa mbele yake, lile lile jekundu au nduguye, na reli ni ile ile, na inaelekea kule kule.

Akatokea mtu wa reli, kofia kichwani, karatasi mkononi. Alipita akiita majina ya waliowekewa nafasi.

"Christine Josphat! Yuko hapa Christine Josphat?"

Christine alikuwa ameinama anafunga sanduku kwa kamba, hakusikia. Josphat alikuwa anamsaidia. Mtu wa karatasi akamtazama Wakesho usoni.

"Mama, unamjua Christine Josphat?"

Mdomo wake ulijua jibu. Ulikuwa unalijua tangu siku za uji wa mtama, na ulikuwa tayari kulisema.

"Yupo," Wakesho alisema. Kisha kwa sauti kubwa mno, hata watu wakageuka. "Yupo! Ni binti yangu. Ni huyu hapa."

"Basi apande," yule mtu alisema, akaweka alama kwenye karatasi yake.

Christine akapanda. Alilia dirishani, akapunga mkono, gari likamchukua. Wakesho alibaki akitazama reli mpaka hakuna cha kutazama.

"Nimesema yupo, na wamemchukua," alimwambia mumewe.

"Atarudi, Mama Christine."

"Hata mama yangu aliambiwa hivyo."

Josphat akamshika mkono tena, sasa alikuwa ameizoea ile kazi.

Walipofika Marungu, Kalondu aliwalaki njiani, ana hamu ya habari zote kwa pamoja. Amepanda? Alilia? Ni kweli alipewa kiti cha godoro? Mwishowe akauliza lile lililokuwa likimsumbua.

"Na wakija tena na karatasi wakimtafuta, tuwaambie nini?"

Wakesho alitua mzigo wake chini. Alifikiri, na hofu ilikuwa bado imemkaa palepale kifuani, haijasogea hata kidogo.

"Waambie yuko mbali," alisema. "Waambie yu hai, na mama yake ni mimi, nyumba ni ile. Na wewe, Kalondu, usiniulie mtoto tena."

"Haki ya Mungu, sitasema tena!"

Jioni hiyo gari lilisikika likipanda kutoka upande wa Voi. Kalondu aliliacha jembe akaingia ndani kwake, akafunga mlango. Mikono ya Wakesho ilisimama juu ya ungo, na mbaazi chache zikamwagika. Alibaki pale nje ya nyumba, akitazama barabara, mpaka gari likapita.